Ushuhuda wa Tatu

Shituru, Likasi, tarehe 14 Novemba 1992

Binti yangu mpendwa Marceline,

Nisamehe kwanza kwa karatasi hii. Nimeichana kutoka daftari la mahudhurio la shule niliyofundisha, na nyuma yake utaona majina ya watoto wa mwaka 1974, usiyajali. Nisamehe pia kwa kutanguliza habari kabla ya salamu, jambo ambalo walimu wangu wa misheni ya Mulungwishi wasingelivumilia. Mume wako yu hai.

Soma tena mstari huo, kisha uketi.

Siku ile umati ulipowasukuma Wakasai wote, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, mpaka stesheni, na wewe, mtoto wa Katanga, ukapandishwa behewa pamoja na mtoto wako mchanga kwa sababu tu ya jina la mumeo, yeye Godefroid alikuwa akitoka zamu. Walimkamata mbele ya lango la kiwanda. Walimpiga kwa vyuma, wakamwacha kando ya barabara ya Kakontwe wakidhani amekwisha. Wavunja mawe wawili wa huko walimleta kwangu katika mkokoteni, wamemfunika kwa magunia ya chokaa. Tulipomfunua alikuwa mweupe tangu nywele hadi vidole, na yeye ndiye aliyetangulia kucheka. "Papa Mathieu," alisema, "nimekuwa muzungu. Sasa bataniacha."

Mguu wa kulia umevunjika chini ya goti, na hapo pana kidonda. Siwezi kumpeleka stesheni, ambako maelfu wanalala chini ya maturubai wakingoja treni, kwa maana wale vijana wa umati ule hupita huko kila siku wakimtafuta kwa jina. Alikuwa mkuu wa zamu, nao wanasema aliwanyima kazi ndugu zao. Yeyote anayemficha Mkasai, nyumba yake huchomwa. Kwa hiyo amelala katika stoo nyuma ya jiko, penye lile dirisha dogo linalotazama uani.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Stanislas, rafiki yake anayefanya kazi kwenye treni. Mkono huo ni salama, lakini sitathubutu kuandika wazi hivi mara ya pili. Kuanzia barua ijayo, Godefroid ni mashine yako ya kushona. Ile ya chuma iko hapa pia, chini ya kitambaa chako cha maua, basi mtu akifungua barua zetu hataona ajabu.

Mwanao Kabedi, uliyemwacha kwangu akiwa mgonjwa, amepona surua. Nimeomba sote tumwite Orpa tu, kwa kuwa jina lake la pili, la Kikasai, linamtaja baba yake kabla yeye hajafungua mdomo. Tumemfundisha aseme kwamba papa amekwenda na treni. Aliniuliza mimi babu yake, "Nkambo, si ni uongo?" Mimi, mwalimu wa miaka thelathini na mmoja, nilimjibu kwamba si uongo, ni somo la kukariri. Mungu anirehemu.

Kanisani kwetu benchi nusu ni tupu. Tunaimba kwa sauti ndogo.

Ni mimi baba yako, ninayeomba radhi kwa yote nisiyoweza kuyazuia,
Mathieu


Mwene-Ditu, 29 Novemba 1992

Papa,

Niliisoma nimesimama, halafu nikaketi chini kwenye udongo, mbele ya watu. Mama mkwe alidhani nimeingiwa na wazimu, maana nilikuwa nikicheka. Nilipomnong'oneza, naye akaketi.

Asante kwa kunitunzia mashine yangu. Tafadhali, Papa, usimwazime mtu. Usiitoe nje. Ule mguu wake utafutie dawa mahali popote. Na usiitume kwa treni kabla haijaweza kusimama. Nakuandikia hili ulikumbuke kuliko mengine yote. Sitakusimulia behewa lilivyokuwa. Siku kumi na tatu, Papa. Waliolala hawakuamka. Wasioweza kusimama walikanyagwa, na si kwa ubaya, hapakuwa na pa kuweka mguu. Mashine isiyosimama isipande.

Exaucé ameota meno mawili na anang'ata kila kitu. Mwambie Orpa kwamba mama anamsikia akiimba.

Mwanao,
Marceline


Shituru, Likasi, tarehe 7 Desemba 1992

Binti yangu mpendwa,

Barua yako ilinifikia ikiwa na unyevu, lakini kila neno lilisomeka, nami nimelishika onyo lako. Mashine haitasafiri kabla ya kusimama. Mguu umeanza kuingia kutu kidogo pale palipochubuka. Ninausafisha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni.

Sasa inanibidi kukueleza jambo la jana, na ninaona haya.

Jana ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, ya kufunga na kutoa ushuhuda. Rais wetu wa tawi, Ndugu Ghislain anayeongoza kanisa letu hapa, alipotangaza, "Bandugu, leo ni siku ya kufunga," Mama Georgette alimjibu kutoka benchi ya nyuma, "Rais, na jana ilikuwa siku gani?" Watu walicheka huku wengine wameshika matumbo.

Unakumbuka watoto wanavyofanya siku hiyo. Mmoja akienda, wote huenda. Hupanda ile kreti ya limonadi iliyopinduliwa nyuma ya mimbari ili nyuso zao zionekane, na kila mmoja husema yale yale: ninajua Kanisa ni la kweli, ninawapenda papa na mama, amina. Sisi wa Mulungwishi tulifundishwa kwamba mtoto hufungua mdomo kanisani kwa kuimba tu, na ingawa ni mwaka wa nne tangu nibatizwe katika Kanisa hili, masikio yangu bado hushtuka. Alitangulia Elikia, binti wa rais. Nyuma yake, kabla sijanyosha mkono kumzuia, alikwenda Orpa.

Alipanda kreti, akanitazama. Nadhani aliona kwamba kumtaja papa ni kuvunja agizo langu, na kuacha kushukuru ni kuvunja agizo la Mungu. Akatafuta njia ya katikati. Alisema: "Ninayua Mungu iko. Ninamushukuru juu ya tatu. Tatu iko kwetu mu nyumba. Katika jina la Yesu Kristo, amina."

Kwa watu wa huko uliko, neno hilo si hesabu. Ndilo mtoto humwitia baba aliyemzaa. Huku kwetu ni hesabu tu. Mtu mmoja alicheka, "Tatu ya nini?" Wengine waligeuka kunitazama. Mwanangu, niliogopa jinsi ambavyo sijaogopa tangu mama yako afe. Nikasimama. Nilisema, kwa Kiswahili changu cha darasani, kwamba mjukuu wangu anazungumza juu ya Baba wa Mbinguni, Mwanawe na Roho Mtakatifu, nafsi tatu zilizo mbalimbali, kama Kanisa linavyofundisha, ambao wanakaa katika nyumba ya wanaoomba. Mulungwishi walinifundisha Mmoja katika Watatu. Jana niliwatenganisha bila kutetemeka. Rais Ghislain alitazama chini kwa muda mrefu, kisha akasema, "Amina." Wote wakasema amina.

Sijawahi kusema uongo kanisani. Sasa nimesema, tena kwa sarufi nzuri.

Mlangoni Mama Georgette alimshika Orpa shavu, akaniambia: "Ee Muzee, mutoto anahesabu muzuri. Anafika ku tatu. Kwa nini hapiti ku nne?" Unamjua mama huyu. Alikulia Kasai utotoni, na mwanawe Ricky anatembea na wale vijana. Nilitabasamu. Mpaka sasa sijui nilitabasamuje.

Ndimi baba yako mwenye kosa,
Mathieu


Shituru, Likasi, tarehe 20 Desemba 1992

Binti yangu mpendwa,

Sijapata barua yako, nami nakuandikia kabla ya zamu yangu ya kujibiwa. Nisamehe. Mambo yamekua kuliko nilivyopima.

Maneno ya Orpa yamewapendeza watu kupita kiasi. Sasa huja hapa kila Alhamisi kuomba katika "nyumba ya Watatu", watu kumi, pengine kumi na wawili, nao huketi katika sebule hii hii, yenye ukuta mmoja tu kati yao na mashine yako. Wiki iliyopita mashine ilikohoa katikati ya sala. Nilikohoa na mimi, kwa nguvu, mara nyingi, hadi Mama Georgette akaniambia, "Muzee, kohowa tu. Hata Watatu banasikia baridi."

Jambo linalonitatiza zaidi ni kwamba hawaji mikono mitupu. Mmoja ameacha bakuli la unga wa bukari, mwingine mboga ya sombe, na Mama Georgette samaki wakavu wanne, wakati kwake mwenyewe hawali kila siku. Wote husema, "Ni ya Watatu." Nilijaribu kuwaeleza kwa upole kwamba Mungu hali bukari na kwamba sadaka za namna hiyo si mafundisho yetu. Walinisikiliza kwa heshima kubwa. Alhamisi iliyofuata wakaleta viazi.

Rais Ghislain naye. Unakumbuka kwamba ni muuguzi. Alipoondoka niliona ameacha chini ya kiti chake chupa ya dawa ya vidonda, kikopo cha poda nyeupe na bandeji mpya mbili. Nilifikiri: amevisahau, na atakapouliza nitasema nini? Nikivitumia, atajua kwamba nyumba hii ina kidonda. Pengine hata ni mtego, si wake, wa mtu aliye nyuma yake. Siku ya pili nilivifunga katika gazeti nikamrudishia nyumbani kwake. Alinitazama sana. "Muzee, hakika si byenu?" Nikamjibu kwamba nina hakika, na kwamba sisi nyumbani kwetu hatuna mgonjwa. Alisema, "Sawa, Muzee," akasimama mlangoni mpaka nilipopinda njia.

Nilipomweleza — nilipoieleza mashine, ilifumba macho. "Papa Mathieu," ilisema, "ungeiacha tu ile dawa pale chini." Niliijibu kwamba usalama ni bora kuliko dawa. Kutu imepanda karibu na goti, na ina harufu.

Kwa habari njema: Elikia huja kila siku kucheza na Orpa uani. Shule zimefungwa, walimu hawajalipwa, lakini rais anasema mtoto wake amejifunza kuhesabu hadi mia, hajui amejifunzia wapi. Nilimwambia ni Orpa anayemfundisha. Nimewakataza wote wawili kusogea dirishani.

Baba yako, aliyechoka kidogo,
Mathieu


Mwene-Ditu, 22 Desemba 1992

Papa,

Nimepata ile ya tarehe saba. Ninakuheshimu, unajua, na hapa nakuandikia nimepiga magoti kwa sababu meza hatuna. Lakini kwa nini ulisimama?

Mtoto alisema tatu. Angalisema kumi. Watoto wanasema chochote pale juu ya kreti, mwaka jana yule mwingine alimshukuru Mungu kwa kuku. Watu wangecheka, wangerudi kwao kutafuta chakula, wangesahau. Wewe ukasimama, mtu wa heshima, nywele nyeupe, na koti, ukalieleza neno. Papa, neno likielezwa watu wanalikumbuka!

Usimpeleke tena. Tarehe tatu Januari augue, wewe uugue, nyumba nzima iugue.

Na kutu hiyo. Maji ya chumvi! Rais Ghislain ni muuguzi. Mwamini mtu mmoja. Sikuombi wawili. Mmoja tu, Papa.

Nisamehe mdomo wangu. Mama angekuwepo angenipiga kofi, halafu angekwambia maneno yale yale.

Marceline


Shituru, Likasi, tarehe 4 Januari 1993

Binti yangu,

Barua yako ya tarehe 22 Stanislas amenikabidhi leo asubuhi. Jumapili imekwisha kupita. Ningeomba radhi, lakini radhi nimezitumia nyingi mno, na leo sina muda.

Jana nilitaka kumwacha Orpa nyumbani. Rais Ghislain mwenyewe alipitia hapa pamoja na Elikia, na kumkatalia mtoto mbele yao ningelihitaji kuzua uongo mwingine. Tukaenda. Tulipoketi niliona katika benchi ya mwisho Ricky wa Mama Georgette, ambaye hajakanyaga hapo tangu wamisionari walipoondoka. Alikuwa ameweka mikono kwenye benchi ya mbele yake, akitafuna kijiti.

Orpa aliinuka. Alikuwa ameshafika kwenye kreti, mguu mmoja juu. Ndipo Mama Georgette alipotoka benchi yake kwa mwendo ambao sikujua anao, akamshika mtoto begani, akamketisha, akasimama yeye mimbarini. Alisema kwa muda wa saa nzima. Alishuhudia juu ya magoti yake. Alishuhudia juu ya mbuzi aliyepotea mwaka 1987 na jinsi alivyopatikana. Alishuhudia juu ya marehemu mume wake, kwamba alikoroma miaka thelathini, na sasa Kanisa linamwambia atakuwa naye milele: "Bandugu, muniombee!" Watu walilia kwa kucheka. Rais alitazama saa yake, akaitazama tena, na mwishowe ilimbidi kufunga mkutano bila mtoto yeyote kusema. Ricky alitema kile kijiti akatoka.

Nilidhani ni majivuno ya mwanamke mzee. Nisamehewe. Mlangoni alinishika mkono wa koti.

"Muzee, sauti imekauka juu yenu. Tatu atoke hii juma."

Nilisema, "Mama, sielewi unalo..."

"Unaelewa. Minye nilikomalia Kasai, weye unafikiri nilikuwa naongea Kifaransa kule? Ricky ameniuliza mara mbili. Eti, mama, nyumba ya muzee mumoya na mutoto mumoya, inakula samaki ya bantu ngapi? Nilimwambia ninyi muko na paka." Akaangalia pembeni. "Paka yenu aende, Muzee. Ule ni mutoto wangu, nilimuzaa, lakini sitaweza kumushika."

Treni ni Alhamisi. Ninajua ulichoniandika. Nimekisoma leo mara nne, kile cha Novemba na hiki cha sasa. Mashine haiwezi kusimama. Kutu imepita goti. Nikiiacha hapa watakuja; nikiituma, behewa. Nimekaa na mambo haya mawili tangu alfajiri, nami la tatu sikulipata.

Stanislas atailaza katika kona ya behewa lake, nyuma ya magunia, na Kabedi ataketi kichwani pake. Namwita Kabedi kwa kuwa katika behewa hilo jina hilo ndilo la kweli.

Godefroid ndiye aliyenibatiza, unakumbuka, baada ya mama yako kufariki, na maji yalikuwa baridi, akanishika kama mtoto. Leo ameomba nimwekee mimi mikono kichwani na kumbariki. Sikupata maneno mazuri. Nilisema, "Afike." Nikasema tena, "Afike." Yeye akasema amina, kisha akaniambia nisilie kwenye shati lake, ni moja tu alilo nalo.

Nimeandika jina lake. Sitalifuta. Stanislas amengoja vya kutosha.

Baba yako


Mwene-Ditu, 24 Januari 1993

Papa,

Kabedi amefika. Stanislas amemleta mkononi mpaka mlangoni kwetu. Ana homa lakini anakula.

Mashine haikufika.

Kutu ilipanda mpaka kiunoni. Siku ya tisa, kabla ya kufika stesheni ya Luputa, treni ilisimama kwa kukosa mafuta. Stanislas na wanaume wanne wa behewa waliishusha, wakachimba kwa bati na kwa sahani. Iko upande wa kushoto wa reli, mkabala na kisima kibovu. Stanislas amenichorea mahali. Nimekaa na karatasi hiyo.

Leo tulikutana, sisi wachache tuliotoka Likasi, katika nyumba ya mtu. Haikuwa Jumapili ya ushuhuda. Kabedi alisimama tu. Hapakuwa na kreti, wala hakuhitaji, tuko wachache. Alisema, "Ninamushukuru Mungu juu ya tatu." Papa, hapa neno hilo kila mtu analijua. Wanawake walijifunika nguo kichwani. Hakuna aliyeuliza tatu ya nini.

Jana aliniuliza kama ni neno lake lililomtoa tatu nyumbani. Kwamba kama asingalilisema pale juu, tatu angekuwa bado dirishani. Nimemwambia hapana. Haniamini, anasema mimi sikuwepo. Mwandikie wewe. Anasema Nkambo ni mwalimu, Nkambo anajua.

Niandikie ukweli unaoweza kumwambia mtoto wa miaka sita. Kama upo.

Marceline


Likasi, tarehe 8 Februari 1993

Binti yangu Marceline,

Sitamwita tena mashine. Anisamehe kwa kumwita hivyo. Alikuwa mtu, jina lake Godefroid, mkuu wa zamu, mume wako, aliyenibatiza. Atakayeifungua barua hii na asome.

Siku mbili baada ya treni kuondoka, wale vijana walikuja. Ricky alikuwa kati yao lakini hakuingia. Walivunja mlango wa stoo, wakakuta mkeka na harufu. Walichukua mashine yako ya kushona, ile ya chuma. Hawakuchoma nyumba, kwa kuwa Mama Georgette alikuwa ameleta kiti chake akaketi mlangoni kwangu, akawaambia waanze na yeye. Yuko pale hata sasa, mchana wote, akichambua mboga na kunikosoa.

Barua yako nilipewa Jumamosi. Jana ilikuwa Jumapili ya kufunga. Nilijua kwamba siwezi kumlilia kanisani mtu ambaye kanisani hapo nilisema hayupo. Nikasimama kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye utangulizi, haikutoka. Nilisema: "Ndugu zangu, niliwadanganya. Tatu hakuwa Mungu. Alikuwa mkwe wangu Godefroid, alikuwa stoo nyuma ya ukuta mlipokuwa mkiomba, na amekufa njiani. Naomba mnisamehe, na naomba ruhusa ya kumlilia."

Hakuna aliyeshtuka. Hilo ndilo lililonishtua mimi. Walitazama chini, wote, kama rais alivyofanya siku ile ya kwanza. Rais Ghislain alinijia akanishika kiwiko. "Muzee," alisema polepole, "tulijua."

Nilimwuliza ni tangu lini.

"Tangu mutoto alisema. Muzee, nusu ya huu muji ilikuwa bantu ya Kasai. Tulisoma nabo, tulifanya kazi nabo, tuliowa kwabo. Nani apa Likasi hayui 'tatu'? Lakini weye ulisimama, ukaeleza kwa heshima, tukaona: njo vile Muzee anataka tuseme. Tukasema amina."

Kwa hiyo unga ulikuwa wa Godefroid, na viazi, na samaki. Na dawa, mwanangu. Dawa, poda, bandeji mbili. Aliviweka chini ya kiti ili nisilazimike kusema neno, nami nikavifunga vizuri katika gazeti nikavirudisha, nikamshukuru.

Nimeandika mstari huo, kisha nikatoka nje kwa muda. Nimerudi. Sikuombi unisamehe katika barua hii. Hata mimi ninajua kwamba si kila kitu huombewa radhi.

Mwambie Kabedi hivi, na umwambie ni Nkambo mwalimu anayesema, naye alikuwepo. Neno lake halikumtoa tatu nyumbani. Watu walilisikia neno lake wakalitunza. Kwa sababu ya neno lake tatu alikula majuma manne. Aliyelikosesha neno ni mimi, nilipolieleza. Anaweza kunikasirikia. Aendelee kulisema popote penye watu.

Nilidhani mkutano umekwisha. Rais alikuwa akifuta macho, na kina mama walikuwa wameanza kilio, kile cha kweli, kisicho desturi ya Kanisa letu, wala hakuna aliyewazuia. Ndipo Elikia alipotoka benchi ya mbele peke yake. Alipanda kreti. Alingoja kina mama wanyamaze, nao walinyamaza. Alisema:

"Ninayua Mungu iko. Ninamushukuru juu ya tatu ya Orpa. Alinifundishaka kuhesabu mu dirisha. Aliniambia nisiambie muntu, sikuambia. Moya, mbili, tatu. Katika jina la Yesu Kristo, amina."

Baba yako,
Mathieu